Kiti cha Zamu: Siku Nane Malaysia

Siku ya kwanza, Jumamosi. Kuala Lumpur

Nimetua saa tisa alasiri kupitia Doha, miguu imevimba, na joto la nje likanipokea kama la Unguja mwezi wa Machi. Mpwa wangu alikuwa ameshafika. "Shikamoo mjomba. Mama hajambo?" Akanipokonya begi kabla sijaitikia. Amemaliza shahada ya pili na mahafali ni kesho. Mama yake hakuweza kusafiri, basi familia ikanituma mimi.

Nina haja yangu nyingine. Nasomesha uraia skuli ya sekondari Unguja, na kila mwaka nikifika kwenye somo la Muungano hakosi mwanafunzi wa kuuliza: "Mwalimu, kuna nchi nyingine iliyoungana kama sisi?" Huwa nawatajia Malaysia, kisha nakimbilia mada inayofuata, maana nilichokuwa nakijua kiliishia hapo. Safari hii nataka nikione kwa macho.

Dereva wa teksi alikuwa mzee aliyevaa kofia nyeusi ya songkok. Mpwa wangu alimwita Pak Cik, jina wanalompa kila mwanamume wa umri wa baba. Mzee alipojua natoka Zanzibar akauliza jambo moja tu, na mpwa akatafsiri: kwenu sultani yuko?

"Alikuwapo," nikasema. "Aliondoka Januari 1964."

"Mmoja?"

"Mmoja."

"Sisi tunao tisa," akasema, kama mtu anayehesabu watoto wake.

Njia nzima nilikuwa nasoma mabango. *Mahkamah*, mahakama. *Wilayah*, wilaya. *Wakil*, *hakim*, *hukum*. Bunge lao la chini linaitwa *Dewan Rakyat*: hilo *dewan* ni ndugu wa diwani wetu, na *rakyat* ni ndugu wa raia. Maneno haya yalisafiri kwa majahazi, mengine yakashukia kwetu, mengine kwao.

Siku ya pili, Jumapili. Kuala Lumpur

Mahafali yalikuwa asubuhi. Nililia kidogo jina lilipotajwa, nikampigia dada yangu simu ya video, akalia zaidi yangu. Hayo yatosha.

Alasiri tukaenda Istana Negara, ikulu ya mfalme wa nchi, yenye makuba ya dhahabu juu ya kilima. Ilianza kutumika mwaka 2011. Mgeni haingii. Unasimama getini ambako askari wa farasi wanalinda, unapiga picha, unaondoka. Lakini mpwa wangu alinieleza palepale, chini ya jua, na nikaandika kwenye daftari hadi kalamu ikateleza kwa jasho.

Malaysia ina majimbo 13. Tisa kati ya hayo yana watawala wa kurithi: wengi huitwa sultani, wa Perlis huitwa Raja, na wa Negeri Sembilan ana cheo chake mwenyewe. Majimbo manne yaliyobaki, Penang, Melaka, Sabah na Sarawak, yana magavana wanaoteuliwa. Kila baada ya miaka mitano watawala tisa hukaa kwenye Majlis Raja-Raja, baraza lao, na kumchagua mmoja wao awe Yang di-Pertuan Agong, mkuu wa nchi nzima. Magavana wanne ni wajumbe wa Majlis, ila katika uchaguzi huu hawana kura. Watawala wanapiga kura ya siri, anayepata angalau tano ameshinda, na karatasi zinaharibiwa mbele yao.

Kwa vitendo, kura hiyo hufuata zamu. Negeri Sembilan, Selangor, Perlis, Terengganu, Kedah, Kelantan, Pahang, Johor, Perak. Sasa ni Sultan Ibrahim wa Johor, wa 17, aliyeapishwa tarehe 31 Januari 2024. Akimaliza yeye zamu ni ya Perak, kisha duru ya tatu inaanzia tena Negeri Sembilan. Yupo aliyekalia kiti mara mbili: Sultan Abdul Halim wa Kedah alishika zamu mwaka 1970, akaishi hadi zamu ya Kedah ikarudi mwaka 2011. Na yupo aliyekiacha njiani, Sultan Muhammad V wa Kelantan, aliyejiuzulu Januari 2019. Nchi haikutikisika. Wakakaa tena, wakampata wa Pahang.

Nilitoa noti ya ringgit mfukoni. Sura iliyomo ni ya Agong wa kwanza, Tuanku Abdul Rahman wa Negeri Sembilan. Msomaji asimchanganye na Tunku Abdul Rahman, waziri mkuu wa kwanza, yule aliyeita "Merdeka!" mara saba uwanjani tarehe 31 Agosti 1957. Merdeka ni uhuru. Wafalme wamepita wengi tangu hapo, lakini sura ya noti ni ileile.

Usiku sikupata usingizi mapema. Nilizaliwa baada ya Mapinduzi, na babu yangu alikuwa mchukuzi bandarini Malindi, si mtu wa kasri. Sina kilio cha ufalme. Lakini neno "zamu" lilinikaa kichwani. Kwetu utawala tumezoea kuusikia ukishikwa, ukinyakuliwa, ukikabidhiwa. Wa zamu, kama zamu ya kuteka maji, sikuwahi kuufikiria.

Siku ya tatu, Jumatatu. Bungeni kwa njia ya televisheni

Jengo la Bunge nimeliona kwa nje tu: mnara mweupe ambao ukuta wake una vijumba kama ganda la nanasi, tangu mwaka 1963. Kikao kilikuwa kinaendelea, na kuingia kunataka maandalizi ambayo sikuyafanya. Basi tukakaa kwenye mgahawa wa mamak, yaani Waislamu wenye asili ya Kihindi, tukaagiza roti canai, ambayo ni chapati ya kusukumwa kwa kurushwa hewani, na teh tarik. Kijana wa chai alishika kikombe kimoja juu ya bega na kingine chini ya kiuno, akamimina chai ya maziwa bila tone kuanguka, akarudia mpaka povu likasimama. Ukutani televisheni ilionyesha kipindi cha maswali kwa mawaziri. Meza ya jirani wazee watatu walikuwa wakibishana na skrini.

Dewan Rakyat ina wabunge 222, wote wa kuchaguliwa majimboni. Dewan Negara ina maseneta 70: 26 wanatoka mabaraza ya majimbo, wawili wawili, na 44 wanateuliwa na Agong. Waziri mkuu ndiye mwenye kazi ya kila siku, na Agong kwa mambo mengi hufuata ushauri wa serikali. Ila yapo machache aliyoachiwa uamuzi wake, na kubwa ni hili: kumteua waziri mkuu yule mbunge ambaye kwa maoni yake anaungwa mkono na wabunge walio wengi.

Kwa miaka mingi kifungu hicho kilikuwa kama mlango ambao haufunguliwi, kwa sababu muungano mmoja wa vyama ulishinda kila uchaguzi tangu uhuru. Tarehe 9 Mei 2018 ukaanguka kwa mara ya kwanza, na Mahathir, waziri mkuu wa zamani, akarudi madarakani akiwa na umri wa miaka 92. Halafu Februari 2020 wabunge wakahama kambi, serikali ikaanguka bila uchaguzi. Bunge hilo moja likashuhudia mawaziri wakuu watatu. Mzee mmoja wa meza ya jirani, aliyeona naandika, alitaka nisiikose hiyo. "Tulipiga kura," akasema kwa Kiingereza, "kisha wakaigawana." Mwaka 2022 wakatunga sheria: mbunge akihama chama anapoteza kiti. Nikamwambia kwetu ndivyo ilivyo. Akanipa mkono.

Uchaguzi wa Novemba 2022 haukumpa yeyote wingi. Kundi la Anwar Ibrahim liliongoza kwa viti 82, na serikali inahitaji 112. Siku tano nchi haikuwa na jibu. Agong wa wakati huo, Sultan Abdullah wa Pahang, akawaita viongozi wa vyama, akawaita wabunge, mwisho akakaa na watawala wenzake. Tarehe 24 akamteua Anwar, na mahasimu wa jana wakaingia serikali moja. Mimi ninayetoka Zanzibar najua jambo hilo lina uzito gani. Sisi tulifika huko kwa njia ya Maridhiano ya 2009 na kura ya maoni ya Julai 2010, na kabla yake tulizika watu.

Alasiri tulikwenda Putrajaya, mji walioujenga kwa ajili ya serikali. Kuba la kijani la ofisi ya waziri mkuu, msikiti wa waridi kando ya ziwa, barabara pana na watembea kwa miguu wachache. Mpwa aliniambia jambo ambalo sikulitegemea: madiwani wa miji hawachaguliwi. Uchaguzi wa serikali za mitaa ulisimamishwa mwaka 1965 na mpaka leo wanateuliwa. Kwetu sheha naye anateuliwa, lakini diwani tunampigia kura. Nchi yenye *dewan* kila upande, na mwananchi hamchagui wa kumuuliza habari ya taka na mitaro! Hili silioni zuri, na wazee wa mgahawani nao hawakuliona zuri.

Siku ya nne, Jumanne. Seri Menanti

Treni hadi Seremban, basi hadi Kuala Pilah, kisha gari la kukodi katikati ya mashamba na vilima vya kijani. Nilitaka kuona jimbo ambalo mtawala wake hapokei kiti kwa baba moja kwa moja.

Negeri Sembilan maana yake ni "nchi tisa". Wakazi wake wa zamani walitoka kwa Waminangkabau wa Sumatra, wakaja na mila iitwayo adat perpatih: ukoo ni wa mama, na ardhi ya ukoo inapita kwa wanawake. Mwaka 1773 walimwita mtoto wa mfalme kutoka Pagaruyung, Raja Melewar, awe mkuu wao. Na mpaka leo mkuu huyo, Yang di-Pertuan Besar, anachaguliwa na machifu wanne waitwao Undang, wa Sungai Ujong, Jelebu, Johol na Rembau, miongoni mwa wana wa ukoo wa kifalme. Chini ya Undang wapo wakuu wa koo, chini yao wazee wa matawi, na chini kabisa watu wenyewe. Kwa mila, uteuzi unapanda ngazi kutoka chini.

Kasri la zamani ni la mbao, lilikamilika mwaka 1908, na wanasema halina msumari hata mmoja. Lina nguzo 99. Nililizunguka kwa nje, nikainama chini ya sakafu nikapitisha kiganja kwenye nguzo. Mbao nyeusi, ngumu kama jiwe, na mahali boriti inapokutana na nguzo imechongwa ulimi ukaingia kwenye tundu, ukafungwa kwa kabari ya mbao. Mafundi wetu wa milango ya Mji Mkongwe wangeielewa kazi ile bila mkalimani.

Mama mmoja aliyekuwa akifagia majani uani alituona tunainama akacheka, akatukaribisha tukae kivulini. Mpwa alimwita Mak Cik. Alipojua mimi ni mwalimu alinisomea methali ya adat, polepole ili niiandike: *Bulat air kerana pembetung, bulat manusia kerana muafakat.* Maji yanakuwa duara kwa ajili ya bomba, watu wanakuwa duara kwa ajili ya muafaka.

Nikamshika mpwa mkono asitafsiri neno la mwisho. Muafaka! Neno hilo kwetu lina tarehe: 1999, kisha Oktoba 2001, karatasi zilizosainiwa na vyama viwili baada ya chaguzi zilizotugawa hata misikitini na kwenye harusi. Kwetu muafaka ulikuwa dawa ya jeraha. Kwa mama huyu ni bomba lenyewe, kitu kinachowekwa kabla maji hayajaja. Nilimwomba airudie methali mara ya pili, akairudia, kisha akaendelea kufagia.

Siku ya tano, Jumatano. Melaka

Siku fupi, mvua nusu yake. Melaka ilikuwa na sultani mkubwa kuliko wote wa pwani hii hadi Wareno walipoiteka mwaka 1511, miaka sita baada ya kuzipiga Kilwa na Mombasa. Limebaki lango moja la ngome yao, na watoto wa shule wanapigia picha hapo. Wana wa sultani walikimbia, na ufalme wa Johor na wa Perak ukaota kutoka kwao. Melaka yenyewe ikapita mikono ya Wareno, Waholanzi na Waingereza, na ndiyo sababu leo ina gavana.

Siku ya sita, Alhamisi. Kuching, Sarawak

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Ndege ya ndani, saa moja na robo tatu hivi juu ya bahari. Tukashuka Kuching, kisiwa cha Borneo, nikafuata watu nikidhani naenda kuchukua begi. Mbele yetu madawati ya uhamiaji! Mmalaysia wa rasi, yaani wa upande wa Kuala Lumpur, anaonyesha kitambulisho na kuruhusiwa kukaa siku 90. Mimi nikagongewa muhuri wa pili kwenye pasi, ndani ya nchi ileile. Nikasimama pembeni nauangalia wino ukikauka. Wazee wetu wanakumbuka enzi ambazo mtu wa Bara alionyesha pasi akishuka Malindi. Sisi tuliziacha. Sarawak na Sabah waliweka sharti hilo walipounda Malaysia tarehe 16 Septemba 1963, na linasimama hadi leo.

Miezi saba tu baadaye, tarehe 26 Aprili 1964, Zanzibar na Tanganyika waliungana. Tuko rika moja. Katika miaka ile Malaysia ilikuwa na mshirika wa nne, Singapore, aliyetoka tarehe 9 Agosti 1965.

Usiku hotelini tulifanya hesabu na mpwa, na hii ndiyo nitakayoiandika ubaoni nikirudi. Kubadili Katiba ya Malaysia kunahitaji theluthi mbili ya wabunge. Mwaka 1963 Bunge lilikuwa na viti 159: Malaya, yaani upande wa rasi, 104, Sarawak 24, Sabah 16, Singapore 15. Theluthi mbili ya 159 ni 106. Malaya peke yake ilipungukiwa na viti viwili. Viti viwili tu, lakini vilimlazimisha mkubwa aombe. Singapore ilipotoka viti vikabaki 144, theluthi mbili ikashuka hadi 96, na Malaya bado ilikuwa na 104. Leo viti ni 222 na theluthi mbili ni 148. Upande wa rasi una 165, Sarawak 31, Sabah 25, kisiwa cha Labuan kimoja. Ndiyo maana watu wa Borneo wanadai wapewe theluthi moja ya viti.

Yapo mambo machache, uhamiaji ukiwemo, yanayotaka pia ridhaa ya gavana wa jimbo husika. Lakini sisi tuna kinga ambayo hapa hawana: kwa mambo makubwa ya Muungano, Katiba yetu inataka theluthi mbili ya wabunge wa Bara na theluthi mbili ya wabunge wa Zanzibar, kila upande kwa hesabu yake. Miaka mingapi nimekisoma kifungu hicho darasani kwa sauti ya kusinzia!

Siku ya saba, Ijumaa. Kuching

Asubuhi tulivuka mto kwa tambang, mashua ya paa la mbao inayoongozwa na mzee mmoja nyuma. Mbele yetu jengo la Baraza la jimbo, paa la dhahabu kama mwavuli uliofunguliwa, wajumbe 82. Kando yake Astana, nyumba ya gavana, iliyojengwa na Charles Brooke mwaka 1870, maana Sarawak ilitawaliwa na familia ya Waingereza hao, mjomba, mpwa, kisha mwana wa mpwa, tangu 1841 hadi 1946.

Mwenye mashua alizima injini katikati ya mto ili aongee vizuri. Mpwa akatafsiri. "Watu wa huko wanasema tulijiunga na Malaysia. Hatukujiunga. Tuliiunda pamoja nao." Akanionyesha kwa vidole viwili vilivyosimama sawa. Alisema 16 Septemba ilifanywa sikukuu ya taifa zima mwaka 2010 tu, kabla ya hapo sherehe kubwa ilikuwa 31 Agosti, siku ya uhuru wa Malaya. Alijua kwamba Desemba 2021 Bunge lilirekebisha Katiba na kuzitambua tena Sabah na Sarawak kando na majimbo ya Malaya, baada ya jaribio la 2019 kukosa theluthi mbili. Halafu akaingia kwenye mafuta. Sheria ya mwaka 1974 iliyaweka chini ya shirika la taifa, na jimbo likabaki na mrabaha wa asilimia 5. "Mafuta yako hapa," akaonyesha upande wa bahari, "na majengo marefu yako kule."

Nilimweleza kwetu mambo ya Muungano yalianza 11 na sasa ni 22, na mafuta yaliongezwa mwaka 1968, na tangu 2015 Zanzibar imepewa kusimamia yake. Akauliza mlipewaje. Nikamwambia kwa kudai miaka mingi, barazani, bungeni na magazetini. Akatikisa kichwa, akawasha injini.

Swala ya Ijumaa tuliswali kwenye msikiti uliojengwa juu ya mto. Katika dua khatibu alimwombea Agong, kwa kuwa jimbo lisilo na sultani mkuu wake wa mambo ya Kiislamu ni Agong. Mfalme wa zamu, kutoka Johor, ng'ambo ya bahari, akatajwa kwa jina mbele ya watu wa Borneo. Wakaitikia amin. Nami nikaitikia.

Siku ya nane, Jumamosi. Njiani, kisha nyumbani

Mpwa wangu amebaki kutafuta kazi. Tuliagana Kuala Lumpur, akanipa keki ya tabaka ya Sarawak nimpelekee mama yake. Nimeihesabu, ina tabaka 14.

Uwanja wa ndege wa Zanzibar nilimkuta dirishani kijana niliyemsomesha kidato cha pili. "Shikamoo mwalimu. Karibu nyumbani." Akafungua pasi, akasimama kwenye ukurasa wa mihuri.

"Ulikwenda nchi mbili, mwalimu?"

"Moja. Huo wa pili ni wa Sarawak."

Akaisogeza pasi karibu na taa, akaangalia mhuri mmoja, akaangalia wa pili.

"Na wenyewe kwa wenyewe? Wakitoka mji mkuu kwenda huko?"

"Nao wanasimama dirishani kama hivi."